Lori Lililolia Mlimani

Lori lile lilikuwa halilii likiwa nyumbani. Asubuhi, uwanjani, dereva alipoliwasha na kuzungusha usukani kushoto na kulia, lilitulia kama gari jipya. Lilianza kulia likiwa njiani, hasa likipanda mlima na mzigo mgongoni: mlio mzito wa kukoroma uliotoka chini ya miguu ya dereva na kuongezeka kila alipokata kona. Watu wa Gikondo wakalipa jina la Ng'ombe. Hata askari wa kizuizi walilijua.

"Muzee, leo ng'ombe yako haijakamuliwa?"

"Imekamuliwa, afande. Inalilia ndama."

Wakacheka, wakainua mti, lori likapita likiendelea kulia.

Ulikuwa mwaka 1992. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na sehemu kubwa ya vitu vilivyouzwa Kigali, kuanzia chumvi mpaka spea, vilipitia Rusumo kutoka Tanzania. Mimi pia nilipitia huko. Nilikuja nikiwa utingo wa lori la kwetu, lori likavunja injini karibu na Nyabugogo, na tajiri wangu akaniambia nilinde mzigo mpaka atakaporudi. Hakurudi. Wenye mzigo wakaja kuuchukua, nami nikabaki na spana chache na kitabu kimoja cha ufundi, cha Kifaransa, kilichohusu lori la aina nyingine kabisa. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi. Sikuwahi kukaa darasani kujifunza magari. Nilichokijua nilikipata kwa kufungua vitu na kuvifunga, na kwa kujilazimisha kufuata kanuni moja: kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kungoja nione kimeleta nini.

Aliyenipokea ndiye dereva wa Ng'ombe. Alikuwa mtu wa Nyamirambo aliyevuka miaka hamsini, aliyeitwa Mzee na kila mtu, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alinikuta nimekaa kando ya lori lile bovu, akaniuliza kama najua breki. Nilipojibu kwamba najua kidogo, alinipandisha kwenye lori lake, akanipeleka kwa mama aliyemwajiri na kumwambia, "Mama, huyu fundi ni mtu wangu." Nilikula na kulala Kigali kwa sababu ya maneno hayo. Hakunijua jina wakati anayasema.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika zamani na kuungwa vibaya. Haukunyooka sawasawa, na nguvu zake zilikuwa chache. Kwa hiyo lori lenye usukani wa oili halikuwa anasa kwake. Malori mengi ya mji ule yalikuwa na usukani mkavu, ule wa kuukumbatia kwa mikono miwili na kuuvuta kwa mgongo. Hayo hangeweza kuyaendesha. Lori lile moja ndilo lililokuwa kazi yake yote, na alikuwa amelishika tangu enzi za marehemu mume wa Mama.

Sote tulimwita Mama. Alikuwa mjane aliyeuza chumvi na maharage kwa jumla, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakupenda kurudia neno. Hakuwa mkali. Lakini katika muda mfupi alikuwa amenunua pampu mbili za usukani na zote zilikufa, na mfanyabiashara mwenzake sokoni alimwambia kwamba pampu huuawa na dereva anayezungusha usukani mpaka mwisho na kuushikilia hapo. Jambo hilo ni kweli. Hata kitabu changu kilisema hivyo. Na uwanja wetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila aliyemwona Mzee akigeuza lori pale aliamini kwamba jibu limepatikana.

Pampu ya tatu ilitoka Dar es Salaam, imefungwa ndani ya blanketi, imepakatwa na abiria njia nzima. Siku ilipofika Mama alisimama mbele yetu wawili.

"Muzee, hii ndiyo ya mwisho. Ikilia tena, lori nampa dereva mwingine. Wewe utakaa hapa getini, utanilindia."

"Mama, mimi usukani sipelekagi mpaka mwisho."

"Basi nini inaua pompi yangu? Wachawi?"

"Wachawi wangeanza kuua redio, Mama."

Alicheka, lakini hakuliondoa neno lake. Mzee naye alicheka, kisha akaingia chini ya lori pamoja nami. Nilielewa kilichokuwa kichwani mwake. Angekaa kwenye kigoda langoni, akimfungulia mtu mwingine lango ili atoke na lori lake.

Tuliifunga pampu kwa uangalifu wote tuliokuwa nao. Tulisafisha mipira ya kupitishia oili, tukabadilisha oili, tukatoa hewa kwa kuinua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani taratibu. Wiki haikuisha. Mzee aliporudi kutoka Remera alikaa ndani ya lori bila kushuka, na sikuhitaji kumwuliza.

Mama alikuwa amelisikia kutoka barabarani. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimesimama na girisi mikononi, akamtazama Mzee.

"Ni fundi amefunga vibaya, ao ni wewe umeiua?"

Kulikuwa na njia rahisi mbele yake. Mimi nilikuwa mgeni, kijana, fundi wa kitabu kimoja. Angesema tu kwamba kazi yangu haikuwa nzuri, na Mama angemwamini, na mimi ningeondoka na spana zangu.

"Tulifunga sisi wawili, Mama. Kama iko kosa, iko yetu."

"Nimekuuliza ni nani."

"Na mimi nimekujibu."

Mama akasema kwamba Jumamosi lori lingekwenda Kibungo na chumvi, na kwamba kabla ya hapo angeamua nani ataliendesha.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku ile, na wengine walinilipa vizuri sana. Hakuna aliyenipa kitu kikubwa kuliko sentensi ile. Mwaka mmoja na nusu baadaye nchi ile ilipatwa na mambo ambayo hayana nafasi katika habari ya usukani, na sitayaingiza hapa. Nitasema tu kwamba Mzee aliishi, akazeeka, na kila ninapoandika neno hilo, aliishi, nashukuru.

Nilianza upya, kana kwamba sikuwahi kuligusa lori lile. Mkanda wa pampu ukilegea hutoa sauti nyembamba, ya kukwaruza. Jioni lori lilipoingia langoni bado likilia, nikaumwagia maji huku injini inazunguka. Mlio wa mkanda ungebadilika, huu haukubadilika. Usukani ukifika mwisho, oili hulazimika kupita kwenye vali ya kupunguza nguvu, na hapo husikika kama mvuke unaotoka kwenye sufuria. Mlio wetu haukuwa huo, na ulikuja hata usukani ukiwa katikati. Hapo nilijua Mzee alikuwa akisema kweli, lakini kujua mimi hakukutosha. Nilichukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye pampu na mpini sikioni. Lori lilipokwisha kutulia uwanjani, pampu ilizunguka vizuri, bila sauti ya kokoto wala ya kusaga.

Kwa hiyo nilimwomba Mzee nipande naye. Tulipandisha Kicukiro na nusu ya mzigo, na katikati ya mlima Ng'ombe akaanza. Nilimwambia asimame palepale. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua mfuniko wa kopo la oili.

Oili ilikuwa na povu, nyeupe, kama chai ya maziwa iliyochemka ikataka kumwagika.

"Hiyo nini?" Mzee aliuliza.

"Hewa. Pampu inakunywa hewa."

"Inaitoa wapi? Hapa juu iko hewa nyingi, lakini mipira tumekaza yote."

Lilikuwa swali zuri. Hewa ikiingia pamoja na oili, pampu hukoroma na kujisaga yenyewe mpaka ife. Hiyo ilieleza pampu mbili zilizotangulia. Lakini ilikuwa inaingia wapi? Tuliporudi nilipaka girisi nzito kwenye kila kiungo cha mpira wa kunyonyea, ili kama kuna ufa girisi iuzibe. Tukapanda tena. Ikalia vilevile. Nikabadilisha mpira wenyewe. Ikalia vilevile. Hewa ingeweza kupita njia moja tu iliyobaki, ndani ya kopo lenyewe, kama oili ingekuwa chache kiasi cha kuacha wazi tundu la kwenda kwenye pampu. Na oili haikuwa chache. Mzee aliipima kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, bila kukosa, na kijiti cha kupimia kilionyesha imejaa. Niliipima na mimi kwa mkono wangu. Imejaa.

Hapo nilikwama. Ilikuwa Alhamisi.

Upande wa chini wa uwanja kulikuwa na mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa mawe ili udongo wetu usimshukie jirani. Mwenzake alikuwa mgonjwa siku hiyo. Aliniona nimekaa kwenye tairi natazama lori bila kufanya kitu, akaniita.

"Fundi wa magari! Kuja unishikie mpira hapa. Lori yako haitamwangukia jirani, ukuta yangu itamwangukia."

Alikuwa na mpira mrefu, mwembamba, unaopitisha mwanga, uliojaa maji. Wajenzi wote wanaujua: maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata ncha zikiwa mbali. Nikashika ncha yangu mahali aliponionyesha, kwenye kigingi kilichokuwa mbele ya lori.

"Usiinue, usishushe. Kaa kama nguzo ya stima."

Nilikaa kama nguzo ya stima. Aliweka alama huko juu, akaja akaweka alama kwangu, kisha akafunga kamba kutoka kigingi hiki mpaka kile. Kamba ilipita kando ya lori, karibu kuligusa. Nikaifuata kwa macho. Mbele ilikuwa usawa wa kishikio cha mlango. Nyuma ilipita chini ya bodi, karibu na nati za magurudumu.

"Kamba yako imeinama," nilimwambia.

"Kamba yangu?" Alisimama, akaiangalia, akaniangalia. "Maji haidanganye, bwana. Ni lori yako imeinama. Wewe umekaa hapa siku ngapi hujaona?"

Sikuwa nimeona. Hakuna aliyeona. Mtu akikaa Kigali muda wa kutosha, mteremko wa wastani humwonekea kuwa ni tambarare. Na pale kwetu malori yalilazwa kwa namna moja, pua ikitazama chini langoni, kwa sababu betri na stata vilikuwa vibovu na spea hazikupatikana; asubuhi uliachia breki, lori likashuka, ukaliwasha kwa gia. Kila dereva wa mtaa ule alilaza lori lake hivyo. Ng'ombe alilala ameinamisha kichwa kila usiku, na kila asubuhi, kabla hajasogea, Mzee alimpima oili akiwa vilevile.

Nililifungua boneti nikatazama kopo la oili kana kwamba nimeletewa lori jingine. Kopo la asili lilikuwa limepasuka miaka mingi nyuma, na mchomeleaji mmoja wa Gatsata alitengeneza jingine la bati: kisanduku kirefu na chembamba, kimelala kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa kuwa nafasi ya kukisimamisha haikuwepo. Kijiti kilikuwa upande wa mbele. Tundu la kwenda kwenye pampu nalo lilikuwa chini, upande huohuo wa mbele. Pua ikishuka, oili yote hukimbilia mbele, na kijiti husema imejaa. Pua ikipanda mlima, oili hukimbilia nyuma, na tundu hubaki wazi likinyonya hewa.

Nikamwita Mzee.

"Zamani mlilaza lori wapi, kabla ya Mama kununua hapa?"

"Kule bondeni, karibu na maghala. Lami, sawa kabisa."

"Na mlipohamia hapa, oili ya usukani ilisomaje?"

Alifikiri. "Ilizidi. Ilipanda juu ya alama. Nikaipunguza, kwa sababu oili ikizidi inapasua sili, inavuja." Kisha akaiona kamba ya mwashi, akaliona lori, na nikaona jinsi jambo lile lilivyomwingia. Akavua kofia. "Sha, kijana wangu, ni mimi?"

"Ni uwanja, Mzee. Mimi nami nimeijaza hapahapa, kwa kijiti hikihiki."

Alikuwa mtu aliyepima oili kila asubuhi kwa miaka yote ile, mahali ambapo madereva wengine hawakufungua boneti mpaka moshi utoke.

Nilitaka kuhakikisha kabla ya kumwambia Mama. Nilihitaji ardhi ya usawa, na mahali pa uhakika nilipopajua palikuwa barabara ya Kanombe, kule juu karibu na uwanja wa ndege. Ijumaa asubuhi tulikwenda, lori likilia mpaka Remera. Nilikuwa nimeazima mpira wa mwashi; nikauweka kando ya lori, Mzee akalisogeza mpaka maji ya mbele na nyuma yakalingana na chasisi. Ndipo nilipochomoa kijiti.

Kilikuwa kikavu karibu chote. Tone moja lilining'inia kwenye ncha.

Tulikuwa bado tunalitazama tone hilo askari wawili walipotujia kwa haraka, kwa kuwa mahali pale si pa kusimama na lori na mpira wa maji.

"Nyinyi, mnafanya nini hapa?"

"Tunapima oili, afande," Mzee alisema.

"Kigali nzima mumekosa pa kupimia oili?"

"Tumekosa, afande. Yote imeinama."

Mmoja alimtazama mwenzake. Walikagua chumba cha dereva, wakakagua mpira, wakaonja hata maji yake. Mwishowe aliyekuwa mkubwa akatuambia tumalize upesi tuondoke. Nikamimina oili mpaka alama. Iliingia nyingi, zaidi ya nusu ya dumu dogo tuliloleta, na wakati naimimina Mzee alikuwa ameshika faneli kwa mkono wake mzima na hakuruhusu hata kidogo imwagike. Kisha nikatoa hewa palepale, usukani kushoto, usukani kulia, taratibu, huku askari wakiangalia saa.

Tuliporudi Mama alikuwa kwenye ghala anahesabisha magunia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mimi, na kueleza sehemu moja tu: pampu, hewa, kopo. Mzee alinitangulia. Alimweleza yote, pamoja na ile oili aliyoipunguza mwenyewe walipohamia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaamuru lori lijazwe chumvi, lote, na akapanda yeye mwenyewe mbele, katikati yetu, akakunja kitenge chake magotini.

"Twende Kicukiro," alisema.

Mzee aliingiza gia. Tukaanza mlima. Kwenye kona ya kwanza nilitega sikio chini ya miguu ya Mzee. Kona ya pili ni ile kali, ambapo lori lililojaa hupunguza mwendo mpaka watu wa miguu wanalipita, na pale ndipo Ng'ombe alipokuwa akilia kuliko mahali pengine pote. Mzee alikata usukani kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukisaidia tu. Usukani ulizunguka laini. Nikasikia injini, nikasikia magunia yakisogea nyuma, nikasikia mwanamke mmoja kando ya barabara akimwita mtoto wake. Basi.

Mama alisikiliza mpaka kileleni. Tulipofika tambarare alimwambia Mzee asimame, injini iendelee kuzunguka, ageuze usukani. Akaugeuza kushoto na kulia. Mama akainamisha sikio kama anayesikiliza mtoto aliyelala.

"Sasa," alisema, "uwanja niliuchagua mimi. Nilimwambia wakili aliyeniuzia, huu ni mzuri, unashuka vizuri mpaka barabarani. Nimfukuze nani? Kilima?"

Mzee hakucheka. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani na hakuiondoa.

"Fundi," Mama aliniambia, "kopo lingine, la kusimama. Umwambie huyo mchomeleaji nitalipa."

"Ndiyo, Mama."

Akageuka upande wa Mzee, akatazama mkono wake uliopinda, na kwa sauti yake ileile ya chini akasema, "Kesho utoke mapema. Kibungo hawana chumvi tangu Jumatano."

"Ndiyo, Mama."

Mzee akavuta pumzi, akaweka gia, akaligeuza lori taratibu barabarani, bila kuufikisha usukani mwisho, na tukateremka.